Taa Nyekundu ya Nesta

Rhyd-las
Jumatatu, 10 Februari 1969

Gwilym mume wangu,

Mimi sijambo, kuku hawajambo, anayeumwa ni Nesta, gari letu. Nalisema mapema usije ukadhani ni mimi.

Jumamosi nilitoka hapa saa tatu asubuhi. Koti la kanisani nimelivaa, sufuria ya supu ya kondoo na vitunguu vya liki nimeifunga blanketi, na soksi zako pea tatu. Mlima tuliupanda vizuri kabisa. Nafika juu, pale kwenye lango la kondoo, ile taa nyekundu ya dashibodi ikawaka. Nikajisemea labda ni mwanga wa jua. Jua gani, Februari, huku kwetu? Nikaongeza moto, taa ileile. Ukungu ukaingia, nikawasha taa kubwa, zikatoa rangi ya chai ya mgonjwa. Nikageuza gari. Nililia kuanzia juu mpaka chini, na supu nikaila mwenyewe kwa hasira.

Sasa tufanyeje? Basi linakuja Jumanne na Ijumaa. Ninyi wagonjwa mnaonwa Jumatano na Jumamosi. Nyumba za wageni huko pwani hazifunguliwi mpaka majira ya joto. Aliyepanga mambo haya hana mtu wake hospitalini. Tangu waling'oe reli, asiye na gari bondeni humu ni mfungwa tu. Teksi iko moja, na unajua ni ya nani.

Majuma matatu sijakuona. Miaka thelathini na minne ya ndoa sijawahi kulala majuma matatu bila mikoromo yako. Nataka kuja, Gwilym. Niambie la kufanya, mikono ninayo. Kama niliweza kuendesha lori la mkate wakati wa vita taa zimefunikwa vitambaa vyeusi, dainamo haitanishinda.

Mkeo,
Mair


Hospitali ya Kifua, Wodi ya 4
Alhamisi, 13 Februari

Mair, mla supu za wagonjwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilimsomea jirani yangu wa kitanda cha kushoto, akacheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza. Hapa kucheka ni kosa, kunatikisa vifua.

Sikiliza vizuri. Taa nyekundu maana yake ni moja tu: betri inatoa, lakini hairudishiwi kitu na dainamo. Anza na mkanda wa feni. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya upana wa kidole, umelegea. Ukiwa mzima, fungua kile kikanda cha chuma nyuma ya dainamo uchungulie ndani. Utaona kaboni mbili zimelalia kichwa cha shaba. Kaboni ikiwa fupi kuliko ukucha wako, imekwisha. Shaba iwe inang'aa. Ikiwa nyeusi, isugue na kitambaa chenye petroli kidogo.

Halafu upime. Mita iko ndani ya kopo la chai, rafu ya juu, usije ukanichemshia. Toa nyaya mbili za dainamo, unganisha vile vichwa vyake viwili kwa kipande cha waya. Mguu mmoja wa mita uguse hapo, mwingine kwenye chuma cha gari. Washa, ongeza moto polepole. Sindano ikipanda, dainamo ni nzima na ugonjwa uko mbele. Isipopanda, dainamo ndiyo maiti.

Na njia panda ukipita, pita. Ifan asiliguse gari langu, na teksi yake usiipande. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa, shemasi mzima, nikalisoma jina la ndugu yangu wa tumbo moja likafutwa kitabuni kwa sababu alifungua pampu ya petroli siku ya Jumapili. Miaka minane hatusemi. Leo niende kumpigia magoti anifungulie boneti? Labda nife kwanza.

Mimi naendelea vizuri. Daktari anasema vumbi la machimbo halitoki, lakini limetulia. Pasaka nitakuwa nyumbani. Kwa hiyo usifanye haraka ukajikata vidole.

Wako,
Gwilym


Rhyd-las
Jumanne, 18 Februari

Fundi mkuu,

Ripoti yako hii hapa. Mkanda mzima. Kaboni zimebaki vipande, moja nimeinasa kwa kibano cha nyusi. Shaba ilikuwa nyeusi tii, nikaisugua mpaka nikajiona uso. Kisha nikapima. Nesta ananguruma, mimi nimeinama na mita kama daktari, sindano haitikisiki. Nikaongeza moto. Wapi! Imelala. Nikarudia mara mbili ili usiniambie nimekosea.

Kwa hiyo ni maiti. Pole kwa msiba.

Mikono yangu sasa ni kama yako. Jumapili kanisani nilivaa glavu ibada nzima, na mke wa mchungaji akaniuliza kama nina baridi. Nikasema ndiyo. Uongo kanisani, kwa ajili yako.

Gwilym, niruhusu niseme neno moja halafu nitanyamaza. Kila siku nikienda kuchukua maziwa napita mbele ya lango la Ifan. Ananiona, namwona, kila mtu anatazama viatu vyake. Mtu huyo amelala na dainamo tangu utotoni. Ingemchukua nusu saa. Tangu lini nusu saa ya mtu ikawa dhambi siku ya Jumatatu? Niruhusu nimwambie. Wewe hutahitaji kusema chochote.

Mkeo,
Mair


Wodi ya 4
Ijumaa, 21 Februari

Mair wangu,

Hapana. Na usiniulize tena, maana ukiuliza mara ya pili nitakubali, na sitaki kukubali.

Chini ya meza ya kazi, nyuma ya ndoo, kuna dainamo nyingine nimeifunga gunia. Niliinunua kwenye mnada mwaka wa kimbunga kile kilichobeba paa la shule. Inafanana na ya Nesta kama pacha. Toa kwanza waya wa betri, usisahau, nakujua. Halafu ile bolti ndefu ya juu inayokaza mkanda, halafu zile mbili za chini. Ya nyuma ni ngumu, itie mafuta jioni uifungue asubuhi. Weka mpya, rudisha mkanda, ubonyeze kwa gumba kama nilivyosema, kaza. Kaboni za ile ni mpya, nilizitia mwenyewe.

Ukimaliza, njoo Jumamosi tarehe mosi Machi, siku ya Mtakatifu wetu Dewi. Uje na ua la njano la daffodili kifuani na supu, safari hii ifike.

Mwandiko usiushangae. Meza ya hapa inacheza mguu mmoja.

Gwilym


Rhyd-las
Jumatatu, 3 Machi

Gwilym,

Sikuja. Umeona mwenyewe sikuja. Najua ulikaa ukiutazama mlango kuanzia saa nane mpaka saa kumi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kikanyagio cha mlango wa Nesta ghalani, ua limenyauka kifuani, nalia kama mtoto.

Kila kitu nimefanya ulivyoandika. Bolti ya nyuma ilinichukua siku mbili na ngozi ya vidole vitatu. Dainamo nimeifunga, mkanda nimeubonyeza, umekaa sawasawa. Betri nimeirudisha. Asubuhi ya Jumamosi nikawasha. Nesta akaitika mara moja, lakini taa nyekundu ikabaki inanikodolea. Nikaongeza moto, inawaka. Nikapima, sindano imelala palepale. Nikafungua kila waya, nikaufunga upya. Hakuna kitu. Pacha wa maiti naye maiti?

Jana ilikuwa Jumapili, sikugusa. Spana zimelala mezani nikazifunika na kitambaa nisizione.

Nimekosea wapi? Kuna kitu gani hukuniambia? Fikiri, mume wangu. Nijibu upesi.

Mair


Wodi ya 4
Alhamisi, 6 Machi

Mair,

Tazama mkanda. Ubonyeze kwa gumba. Ukiwa umelegea

Kuna jambo moja kuhusu ile dainamo. Nilikuwa nalo asubuhi, limenitoka. Wananipa dawa ya kulala. Litarudi.

Usihangaike na njia, kuna barafu. Tutaonana Pasaka. Nimeandika barua nyingine leo kabla ya hii na mkono umechoka.

Koti lako la kanisani ni zuri. Sijakuambia.

G.


Rhyd-las
Jumanne, 11 Machi

Gwilym! Gwilym! Imezimika!

Ngoja nikuambie kwa mpango. Barua yako ilinitia hofu, sikufichi. Meza gani inacheza kiasi kile? Jumapili nilifungua mlango wa ghala nikaketi ndani ya Nesta, mikono mapajani, nikamwomba Mungu, lakini sikugusa hata nati moja. Jana asubuhi nikaanza kupekua kila kitu chako. Na nyuma ya mlango, msumarini, pale unapotundika vile vibao vyako vya mawe vya kuandikia, nikakuta kimoja kimejaa vumbi. Nikakifuta kwa mkono wa sweta. Chaki yako, mwandiko wako wa zamani uliosimama wima: "Dainamo iliyolala miaka mingi husahau kazi yake. Ikumbushe kabla ya kuifunga." Na chini yake umechora waya ulipo.

Basi nikafanya. Nikatoa nyaya zote mbili. Nikachukua waya kutoka upande wa betri usioshika bodi, nikagusa kile kichwa kidogo cha dainamo mara moja tu, kama mtu anayegusa pasi kujua imepata moto. Cheche, tsss! Nikaruka nyuma nikagonga kichwa kwenye boneti. Nikarudisha nyaya, nikawasha. Taa ikawaka. Nikaongeza moto, ikafifia, ikafifia, ikazima kabisa. Sindano ikapanda juu kama mtu aliyeitwa jina. Nilicheza ghalani peke yangu, mwanamke wa miaka sitini na moja.

Dakika mbili, Gwilym! Nimepoteza siku kumi kwa jambo la dakika mbili!

Kesho Jumatano ni siku ya kuonana, na moyo unataka kuondoka alfajiri. Lakini safari iliyopita nilikurupuka, ukaona matokeo. Kesho nitamwendesha mpaka daraja la pili na kurudi betri ijae, niwe na hakika. Jumamosi nitakuwa mlangoni pako saa nane kamili. Nami nitakuuliza usoni kuhusu meza hiyo.

Supu nitaipika Ijumaa. Nasikia wanawanyima chumvi, nitaificha soksini.

Mkeo na fundi wako,
Mair


Njia Panda, Rhyd-las
Jumatatu, 24 Machi

Shemeji Mair,

Mimi si mwandishi. Ningekuwa mtu wa kusema, ningevuka barabara nikagonga mlango wako, lakini nimefika langoni pako mara tatu tangu jana na kurudi.

Siku ya maziko ya ndugu yangu nilikuwa nje ya kanisa, ukutani, kwenye mvua. Hukuniona, na kama uliniona ulifanya vizuri kunyamaza. Jina langu si walilifuta, ningeingiaje? Nyimbo nilizisikia. Ule wa mwisho alikuwa akiuimba tukiwa watoto tunaoga kwenye karai moja.

Ndani ya bahasha hii kuna barua. Ni yangu, lakini ni yako zaidi. Mtu wa posta alinipa mkononi Jumamosi tarehe 8. Mwandiko niliujua kabla sijaushika. Nikasema moyoni, miaka minane hajanitumia hata salamu ya Krismasi, leo anataka nini, kunisomea jina tena? Nikaisimamisha nyuma ya saa ya mezani bila kuifungua. Nilifurahi, shemeji. Nakuambia ukweli. Nilifurahi kwamba safari hii mimi ndiye ninayemfungia mlango.

Kesho yake Jumapili nilikaa pampuni tangu asubuhi mpaka jioni. Niliuza galoni nne. Kutoka pale ghala lenu naliona. Mlango ulikuwa wazi, nikakuona umekaa ndani ya gari bila kuondoka. Nikajiuliza gari limekuwaje, nikajijibu hainihusu.

Saa hiyo naitia ufunguo kila Jumapili. Tarehe 16, siku ya tatu tangu afariki, niliitia ufunguo na barua iko nyuma yake, nikaogopa kuishika. Jana nikaifungua. Isome. Sina maneno mengine. Bonde zima linaniita Ifan Jumapili, na mimi nilikuwa nikicheka nao.

Shemeji yako, kama bado unakubali,
Ifan


Wodi ya 4
Alhamisi, 6 Machi 1969

Ifan,

Hii naiandika kwanza, kabla ya ya Mair, maana pumzi ninayo asubuhi tu.

Nakufa. Madaktari wameniambia tangu nilipoingia, na Mair nimemdanganya nitarudi Pasaka. Sikutaka akimbie kwenye barafu na gari bovu. Sasa naona nimemdanganya vibaya, kwa sababu hana haraka, na mimi ndiye mwenye haraka. Nataka kumwona. Sitaki kitu kingine tena.

Dainamo ya Nesta ilikufa. Nimemwambia aweke ile ya mnada. Ameiweka, taa haizimi. Nimelala usiku nikifikiri, alfajiri nikakumbuka: imelala miaka kumi na mbili, na sikumwambia aikumbushe. Wewe ndiye uliyenifundisha jambo hilo, tukiwa vijana. Dawa zao zinanichanganya, saa moja kutoka sasa nitakuwa nimesahau. Kwako ni kazi ya dakika mbili.

Barua itakufika Jumamosi. Nenda siku hiyohiyo. Ikichelewa, nenda Jumapili. Umesoma vizuri, ni mimi Gwilym ninayekuambia: nenda hata Jumapili. Chukua spana yako upite barabarani watu wakikuona. Akikuuliza nani amekutuma, sema umepita tu. Nimemkatalia mara mbili asikuite, na bado nina kiburi kidogo kimebaki.

Niliposoma jina lako mbele za watu, kitabu kilitetemeka mikononi. Watu walidhani ni hasira. Ndugu yangu, haikuwa hasira. Nilitamani mtu mmoja asimame aniambie niketi. Hakusimama mtu.

Mlete Jumatano. Uje naye, ukae nje kama hutaki kuniona. Nitajua upo.

Ndugu yako,
Gwilym


Rhyd-las
Alhamisi, 27 Machi

Shemeji Ifan,

Barua yake nimeisoma, na yako pia.

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa mwongo, na mwaka huu nimeshadanganya kanisani mara moja, inatosha. Jana nilichukua jiwe nikasimama dirishani, nikayatazama madirisha yako mapya ya pampuni. Nikaliweka chini. Nakuambia ili ujue.

Lakini na mimi nina langu. Jumatano ile, tarehe 12, gari lilikuwa zima. Taa imezima, betri inapokea. Nikaliendesha mpaka daraja la pili na kurudi, mara nne, kujihakikishia. Saa nane, wakati wa kuonana, nilikuwa darajani nawatazama bata. Gwilym alifariki alfajiri ya Alhamisi. Matroni ananiambia kwamba Jumatano alikuwa na akili zake, alikaa kitako, akaomba achanwe nywele. Barua yangu ya kumwambia taa imezima walinirudishia pamoja na miwani yake, haijafunguliwa. Ilifika asubuhi hiyohiyo aliyofariki.

Tena, majuma manne nilipita mbele ya lango lako na chupa ya maziwa. Neno moja tu lingetosha, "Ifan, njoo." Sikulisema kwa sababu nilikuwa mke mtiifu. Basi usidhani uko peke yako kwenye shimo hilo, nami nimo humo humo, na aliyetuchimbia naye tumemzika.

Sasa nisikilize. Jumapili hii ya Matawi ndiyo Jumapili ya Maua. Bonde zima litapeleka maua makaburini, na kanisa linatoka saa tano. Saa tano kamili nitakuwa nimemtoa Nesta, nimemsimamisha mbele ya kanisa, boneti juu. Uje kwa miguu kutoka njia panda, katikati ya barabara, mbele ya mashemasi na wake zao na mchungaji. Akikuuliza mtu, sema ndugu yako alikutuma. Halafu utaniendesha mpaka kaburini. Daffodili ninazo, nimekata ndoo mbili, moja yako.

Nesta hana ugonjwa wowote. Taa haiwaki, mkanda umekaa, hakuna cha kufungua wala cha kukaza. Lakini uje na spana, Ifan, maana ndivyo alivyokuomba.

Shemeji yako,
Mair